Dizeli Inayopotea Huruma na Kiswahili Kisichoandikwa

Majarida ya vyama vya Kiswahili vyuoni yana mada zake za jadi. Kuna ngeli na upatanisho wa kisarufi, kuna arudhi na mashairi huru, kuna Sheng na wanaoihofia, kuna nafasi ya Kiswahili katika enzi ya utandawazi. Ni mada njema na bado hazijachosha. Hata hivyo, ni nadra kukutana na makala yanayouliza swali dogo la namna hii: kwa nini pikapu ya dizeli inayochukua mboga Soko la Wakulima na kuzifikisha Huruma alfajiri itumie lita kumi kwa mwendo ambao ungemalizwa kwa lita nane, na kwa nini iwe vigumu kwa mwenye pikapu hiyo kupata kijitabu cha Kiswahili cha kumweleza sababu? Kwa mtazamo wa haraka, hilo ni swali la makanika. Makala haya yanashikilia kwamba ni swali la idara za Kiswahili vilevile, na kwamba kulikwepa kuna gharama inayohesabika kwa shilingi.

Na ihesabiwe. Tangu Desemba 2010 bei ya juu kabisa ya mafuta katika vituo vya Kenya huwekwa na serikali, kwanza kupitia Tume ya Kudhibiti Kawi na, tangu 2019, kupitia mamlaka iliyoirithi, EPRA. Kila tarehe 14 wenye magari husubiri tangazo kama wanaosubiri kuandama kwa mwezi. Oktoba 2023 lita moja ya dizeli jijini Nairobi ilifika shilingi 205.47, miezi mitatu baada ya kodi ya ongezeko la thamani ya mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Chukua pikapu ya mfano inayokwenda kilomita 80 kwa siku. Ikipata kilomita 10 kwa lita, itahitaji lita 8. Ikipata kilomita 8 kwa lita, itahitaji lita 10. Tofauti ya lita mbili, kwa bei ya Oktoba ile, ni shilingi 410.94 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 10,684.44. Huruma kuna familia nyingi zinazolipa kodi ya nyumba kwa kiasi kisichofika hapo.

Wenye magari huilaumu serikali, na si bila sababu. Lakini bei ya lita haimo mikononi mwa mwenye pikapu. Idadi ya lita imo, kwa kiasi kikubwa, na hapo ndipo maarifa yanapoingia.

Huruma ni mahali pafaapo kwa uchunguzi huu. Mtaa huu wa mashariki mwa Nairobi umepakana na Mathare, Kiamaiko na Kariobangi, na unafikiwa kwa Barabara ya Juja na ile ya Outer Ring. Majumba yake ya ghorofa yamesongamana, na kila ghorofa ilijengwa kwa mchanga, saruji na matofali yaliyopakuliwa kutoka kwa gari la mtu. Pikapu hubeba mboga, makaa, mitungi ya gesi, nyama ya mbuzi kutoka Kiamaiko, na kila mwisho wa mwezi hubeba vitanda na makochi ya wapangaji wanaohama. Mafundi wako karibu: kando ya barabara, na hasa katika eneo la viwanda vidogo vya Kariobangi. Vipuri hufuatwa Grogan, kwenye Barabara ya Kirinyaga. Udongo wa gereji hizi ni mweusi kwa oili ya miaka mingi, na mazungumzo yake yote, kuanzia utambuzi wa ugonjwa wa gari hadi majadiliano ya bei, huendeshwa kwa Kiswahili cha aina fulani.

Ajabu ni kwamba watafiti wa Kiswahili wanaijua njia ya kwenda huko. Kwa zaidi ya miongo miwili wamekuwa wakienda Eastlands wakiwa na madaftari ili kukusanya Sheng. Wamewauliza vijana wa gereji polisi anaitwaje, pesa zinaitwaje, msichana anaitwaje. Wakishapata orodha yao huondoka, na injini iliyofunguliwa mbele yao haikuulizwa jina la hata kiungo kimoja.

Ni injini yenye historia ya kuvutia. Mjerumani Rudolf Diesel alipata hataza ya wazo lake mwaka 1893, na injini iliyofanya kazi barabara ikajaribiwa Augsburg mwaka 1897. Wazo lenyewe ni sahili. Hewa ikikandamizwa upesi hadi ujazo wake upungue mara 18 au 20 hivi, hupata joto kali mno kiasi kwamba mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe pasipo cheche. Kwa hiyo uwekevu wa dizeli hutegemea mambo machache tu: hewa ya kutosha, mnyunyizo mwembamba, wakati sahihi wa kunyunyiza, na joto la injini linalofaa. Kila kinachoharibu mojawapo ya hayo hutafuna fedha.

Hewa kwanza. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya tano. Injini isiyo na turbo, kama zile za Isuzu na Toyota Hilux za zamani ambazo bado zinafanya kazi Eastlands, huvuta ujazo uleule wa hewa lakini hupata oksijeni kidogo zaidi. Pampu iliyorekebishwa kwa ajili ya pwani itapeleka dizeli nyingi kuliko hewa iliyopo, na ziada hiyo haiwezi kuungua. Hutoka nyuma ikiwa moshi mweusi. Baadhi ya pampu zina kifaa cha kufidia mwinuko. Nyingi za zamani hazina, na marekebisho hutegemea fundi. Sasa ongeza vumbi la barabara za ndani za Huruma. Kichujio cha hewa kilichozibwa na vumbi huiweka injini katika hali ya mtu anayekimbia huku amefungwa kitambaa puani. Baadhi ya madereva hukikung'uta kwa kukipigiza kwenye tairi, jambo ambalo hupasua karatasi yake na kuliachia vumbi njia ya moja kwa moja hadi kwenye silinda. Kichujio cha karatasi hupulizwa kwa upepo usio na nguvu nyingi, kutoka ndani kwenda nje, na hatimaye hubadilishwa. Hakuna siri hapo, na hakihitajiki kifaa cha gharama.

Pampu na noseli ni habari nzito zaidi. Nyuma ya pampu nyingi za zamani kuna skrubu inayodhibiti kiasi cha dizeli injini inapofanya kazi kwa nguvu zake zote. Mwenye pikapu aliyepakia kupita kiasi hulalamika kwamba gari "halivuti". Fundi, ambaye naye anahitaji mteja aondoke ameridhika, huizungusha skrubu kidogo. Gari linapata nguvu mchana ule. Moshi unakuwa mweusi zaidi, masizi yanajaa kwenye noseli, oili inageuka uji mweusi kabla ya wakati wake, na dizeli inakwisha mapema. Mwezi mmoja baadaye mteja anarudi kulalamika kwamba gari "linakunywa". Huenda tatizo la awali lilikuwa kichujio cha hewa kilichoziba, au klachi inayoteleza, au breki inayoshika gurudumu hata dereva asipoikanyaga. Huenda lilikuwa mzigo tu. Skrubu ile iliyaficha yote.

Noseli nayo huchoka. Iliyo nzima hutoa ukungu. Iliyochoka hutoa matone, na tone haliungui upesi kama ukungu. Vipo vifaa vya kuzipima noseli katika karakana za pampu, ambapo hupachikwa moja moja na fundi akaangalia presha ya kufunguka na umbo la mnyunyizo. Ni kazi ya muda mfupi inayoahirishwa kwa miaka kwa sababu gari "bado linatembea".

Lipo jambo jingine ambalo kwa maoni ya makala haya ndilo linaloonyesha vizuri zaidi jinsi lugha na dizeli zinavyohusiana, nalo ni thamostati. Hiki ni kijivali kidogo kinachokaa katika njia ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi hujifunga ili maji yasiende kwenye rejeta na injini ipate joto upesi. Joto likifika nyuzi 82 hivi, hufunguka. Katika gereji nyingi za Kenya, gari likichemka, hatua ya mwanzo ni kuing'oa thamostati na kuitupa. Maelezo anayopewa mwenye gari ni kwamba kifaa hicho "kilitengenezwa kwa nchi za baridi". Kauli hii imerithishwa kutoka kwa fundi hadi mwanagenzi kwa muda mrefu, na ina mvuto wa hekima ya kienyeji dhidi ya Mzungu na Mjapani.

Kauli hiyo ni potofu. Kinachochemsha magari mengi ni rejeta iliyoziba kwa kutu na chokaa, kwa kuwa kwa miaka imejazwa maji ya mfereji badala ya kipoza-injini chenye dawa ya kuzuia kutu. Au ni feni, belti, au kifuniko cha rejeta kilicholegea. Ukiing'oa thamostati, injini huendeshwa ikiwa na ubaridi usiofaa. Dizeli inaponyunyiziwa ndani ya silinda yenye kuta za baridi haiungui yote, oili hubaki nzito, vyuma husuguana, na matumizi ya mafuta hupanda bila kelele. Kuna hata injini ambazo, kwa jinsi njia zake za maji zilivyoundwa, kuiondoa thamostati huyafanya maji yaikwepe rejeta, na gari likachemka zaidi kuliko mwanzo. Nairobi ya Julai nayo si Mombasa ya Februari. Asubuhi ya tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO mwaka 2021 iliitenga kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, pikapu zisizo na thamostati huondoka Huruma zikiwa na injini baridi na kufika sokoni kabla hazijapata joto, huku wanataaluma wakielekea kwenye kumbi za sherehe.

Kwa nini kosa hili linadumu? Mafundi hawa si wajinga. Mtu anayeweza kutambua kwa sikio kwamba vali ya silinda ya tatu imelegea si mjinga. Linadumu kwa sababu maelezo sahihi yamo katika vitabu vya Kiingereza, au katika miongozo ya Kijapani iliyokuja ndani ya gari kuukuu, ilhali maelezo potofu yamo katika Kiswahili chepesi, kifupi, kinachokumbukika. Kauli ya "kilitengenezwa kwa nchi za baridi" ni sentensi nzuri. Inajibu swali. Haijapata mshindani katika lugha yake.

Hapa mtu atauliza kama mshindani huyo hangeweza kuletwa na Kiingereza. Kenya ni nchi ya shule nyingi, na vyuo vya ufundi hufundisha kwa Kiingereza. Ni kweli, na wapo mafundi wa Huruma waliopitia vyuo hivyo. Lakini fundi hutumia Kiingereza chake kusoma jina la kipuri kwenye boksi, kisha hugeuka na kumweleza mteja kwa Kiswahili. Mwanagenzi aliyeacha shule darasa la saba hujifunza kutokana na maelezo hayo, wala si kutokana na boksi. Na mwenye pikapu, ambaye ndiye mlipaji, hawezi kubishana na fundi kwa lugha asiyoimiliki. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi. Hadhi hiyo haijamsaidia mlipaji huyu kuuliza, "Mbona umeing'oa?" na kuendelea kuuliza hadi apate jibu.

Pana kejeli nyingine. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti mashuhuri kuhusu Kenya iliyoupa uchumi wa mafundi hawa nafasi katika taaluma za ulimwengu. Baadaye neno "jua kali" lenyewe lilivuka mipaka. Mwaka 1996 msomi Kenneth King alichapisha kitabu chenye jina *Jua Kali Kenya*, kwa Kiingereza. Neno la Kiswahili limekwea hadi kwenye majalada ya vitabu vya ng'ambo, na maarifa ya wenye neno hayajapata jalada kwa Kiswahili.

Haitakuwa haki kudai kwamba wataalamu wa lugha hawajafanya lolote. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kabla ya hapo, mwaka 1987, Rajmund Ohly alikuwa amechapisha Dar es Salaam kamusi ya msingi ya istilahi za ufundi. Ni kazi za kuheshimiwa. Hata hivyo, kamusi ya Kiingereza na Kiswahili humfaa yule ambaye tayari analo neno la Kiingereza na anatafuta mwenzake. Fundi wa Huruma haanzi na neno la Kiingereza. Anaanza na mlio, rangi, harufu na mtikisiko, na kwa vitu hivi ana msamiati ambao hakuna kamati iliyomtungia.

Tazama moshi. Mafundi hutofautisha moshi mweusi, ambao ni wa dizeli iliyozidi hewa. Moshi wa samawati, ambao ni wa oili inayoungua kwa sababu ringi au vali zimechakaa. Na moshi mweupe, ambao ama ni wa dizeli isiyoungua kwa ubaridi au kwa kuchelewa kwa mnyunyizo, ama ni wa maji yanayovuja ndani ya silinda. Tazama pia vitenzi. Gari linalotumia dizeli nyingi "linakunywa"; linalopunguza oili "linakula oili". Lisilo na nguvu "halivuti". Mgawanyo huu wa kunywa na kula si mapambo. Ni utambuzi wa magonjwa mawili tofauti yenye tiba tofauti, na anayeyachanganya atafungua injini nzima pale ambapo angebadilisha kichujio.

Mfano wa neno "mafuta" ni wa kufaa zaidi kwa darasa la istilahi. Katika Kiswahili sanifu, mafuta ni ya kupikia, ya kujipaka, ya taa, ya gari kuendea na ya injini kulainikia. Mfasiri wa chuo kikuu akikabidhiwa mwongozo wa gari ataandika kwa moyo mkunjufu, "badilisha mafuta ya injini kila baada ya kilomita 5,000". Msomaji wa Huruma atasita: mafuta yapi? Gereji ilikwisha kulitatua jambo hili zamani. Mafuta ni ya kuendea; ya kulainisha ni oili. Wapo watakaosema kwamba "oili" ni neno la kukopa na kwamba Kiswahili kina utajiri wake. Hoja hiyo ina uzalendo, lakini haina faida kwa mwenye injini. Vivyo hivyo kwa "kanieneo", istilahi nzuri ya fizikia ambayo mtu akiitamka mbele ya mashine ya upepo kituoni atatazamwa usoni. Pale neno ni "presha". Kijitabu cha kumsaidia mwenye pikapu sharti kiandikwe kwa neno analolitumia, na kamusi zifuate nyuma zikirekodi.

Utata wa mafuta una upande wa hatari pia. Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa nafuu kuliko dizeli, na wafanyabiashara walaghai waliyachanganya na dizeli ili wapate faida. Sheria ya Fedha ya 2018 iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa shabaha ya kuukomesha mchezo huo. Mwenye gari aliyedhani kwamba "mafuta ni mafuta" hakujua alichokuwa akipoteza. Pampu ya dizeli ya aina nyingi haina oili yake. Hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Mafuta ya taa ni makavu zaidi. Pampu iliyolishwa mchanganyiko huo husagika polepole, kipimo chake huharibika, na pikapu huanza kunywa kabla haijakataa kuwaka.

Mengine hayahitaji maelezo marefu. Matairi yasiyo na upepo wa kutosha huongeza mzigo. Makadirio ya Wizara ya Nishati ya Marekani ni kwamba kila pauni moja ya presha inayopungua katika matairi yote manne hupoteza takriban asilimia 0.2 ya uwekevu wa mafuta, nacho kipimo kinachotakiwa, kwa gari tupu na kwa lenye mzigo, aghalabu kimebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kwa Kiingereza. Magurudumu yasiyonyooka hula mpira na dizeli kwa pamoja. Kichujio cha dizeli hukusanya maji chini, na maji hayo hufunguliwa yakamwagwa. Kuiacha injini ikinguruma nusu saa huku mzigo ukipakiwa ni kuchoma fedha papo hapo. Mwendo wa kasi na breki za ghafla kwenye Outer Ring, vivyo hivyo.

Pengine pingamizi lenye nguvu zaidi ni la wakati. Pikapu mpya zina mnyunyizo unaoongozwa na kompyuta kwa presha inayozidi ile ya hewa ya kawaida mara elfu moja na zaidi, na skrubu ya nyuma ya pampu haipo tena. Je, si kazi bure kuandika juu ya teknolojia inayokwisha? Jibu la kwanza ni kwamba haijaisha Huruma; gari la miaka 25 huko bado ni mtaji wa familia. Jibu la pili ni zito zaidi. Katika pikapu hizi mpya kosa dogo lina adhabu kubwa: maji kidogo ndani ya dizeli huua injekta ambazo bei yake humtoa mtu jasho, na fundi asiye na mashine ya kusoma kompyuta hubaki kubahatisha. Haja ya maelezo yaliyo wazi imeongezeka. Isitoshe, msamiati wa pikapu mpya unaundwa sasa hivi, katika gereji zilezile, na usipofuatiliwa leo utakusanywa baada ya nusu karne na mtafiti atakayelalamika kwamba wazee wamekufa nao.

Kinachotakiwa si mradi mkubwa wa kusubiri wafadhili. Kila mwaka wanafunzi wa shahada ya kwanza huandika miradi ya utafiti, na nyingi hurudia mada zilizokwisha kuandikwa mara ishirini. Wachache wao wangeweza kukaa gereji za Kariobangi kwa likizo moja, wakishirikiana na wenzao wa idara za uhandisi ambao watathibitisha kipi ni sahihi na kipi ni hadithi, kwa maana fundi naye hukosea, kama thamostati inavyoshuhudia, na kazi ya mwanaisimu si kuyasifu yote yasemwayo mtaani. CHAWAKAMA, ambacho kina wanafunzi katika vyuo vya nchi kadhaa za Afrika Mashariki, kingeweza kulinganisha: je, fundi wa Mwanza au wa Bujumbura huuitaje moshi ule wa samawati? Kutokana na kazi hiyo kingepatikana kijitabu cha kurasa 20 au 30, chenye maandishi ya namna hii:

"Gari likitoa moshi mweusi linapopanda mlima na mzigo, usimruhusu mtu aiguse pampu kwanza. Toa kichujio cha hewa ukitazame juani. Usipoona mwanga kupitia karatasi yake, kibadilishe, kisha ulijaribu gari kwenye mlima uleule na mzigo uleule. Moshi usipopungua, peleka noseli zikapimwe. Pampu iwe ya mwisho."

Lugha hii ni rahisi kuisoma, na si rahisi kuiandika. Aliyezoea kuandika tasnifu atajikuta akiifuta mara nyingi kabla ya kuipata. Huo nao ni mtihani wa umilisi ambao idara zetu hazijautunga.

Kuanza kunaweza kuwa kudogo kuliko hapo. Mwanafunzi mmoja na mwenye pikapu mmoja wanatosha. Tangi hujazwa hadi pomoni, kilomita zikaandikwa. Gari likafanya kazi yake ya wiki. Tangi likajazwa tena katika kituo kilekile, na kilomita zilizokwenda zikagawanywa kwa lita zilizoingia. Kisha kibadilishwe kitu kimoja tu, kichujio wiki hii, thamostati wiki ijayo, upepo wa matairi wiki inayofuata, na kipimo kirudiwe kila mara. Daftari la shule linatosha, lenye safu mbili za tarakimu, na safu ya tatu, iliyo pana kuliko nyingine, ya kuandikia alichosema fundi, neno kwa neno, kwa jinsi alivyolisema.